Pumzi ya Bi Maimuna

Nikisema nimestaafu watu hucheka, kwa kuwa sina mvi hata moja na mama yangu bado ananiita mtoto. Lakini kazi ninayoiacha ni kazi ya masikio, na sikio langu la kulia limetangulia kustaafu bila kuniuliza, na la kushoto linalifuata. Daktari wa Mombasa alinichorea mstari kwenye karatasi. Ulikwenda sawasawa, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga hewa kwenye ukingo wa gati. Pale unapoporomoka, alisema, ndipo zinapokaa sauti nyembamba: bangili, sauti ya s, mwanamke anayeimba juu. Nilimuuliza kama zitarudi. Akaniuliza kama nina ujuzi wa kazi nyingine.

Ninawaandikia nyinyi watatu mliochukua mitambo yangu, na wasichana watakaokuja baada yenu. Hakuna aliyewahi kutuandikia kazi hii. Sitataja nilipiga wapi na nani alinisifu, maana hayo mmeshayasikia na yametiwa chumvi ya kutosha. Nitaeleza nilivyoanza, nilivyofanya, na ile arusi ya mwisho. Nimesikia mnavyoisimulia, na mnaisimulia vibaya.

Kwetu ni Pate mjini. Kabla yangu, arusi za wanawake zilipigiwa muziki na mwanamume kutoka Amu, yaani Lamu, aliyeitwa Abuu. Wanawake wakishaingia ndani huvua mabuibui, hufungua nywele, hucheza wanavyotaka, na hakuna mwanamume anayeruhusiwa kuona. Kwa hiyo Abuu alikaa nyuma ya pazia nene na mitambo yake, akacheza muziki kama mtu anayepika chakula asichokionja. Alipokosea, mwanamke mmoja alilipiga pazia kofi.

"We Abuu! Bibi arusi yuwaingia, wewe watupigia ya kuuzia soda!"

"Nambiyeni basi! Mimi naona nini huku?"

"Hutakiwi kuona. Watakiwa kujua!"

Siku yangu ya kwanza ilikuja kwa sababu ya maji kupwa. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu Nairobi, nikisomea sosholojia na kubishana na kila mtu nyumbani kuhusu kila kitu. Mitambo ya Abuu ilifika gati letu la Mtangawanda kwa boti ya asubuhi, lakini yeye mwenyewe aliikosa boti hiyo, na baada ya hapo hapakuwa na maji ya kutosha ya kupitisha nyingine. Wanawake walikaa wamejipamba wakiangalia nyaya. Nilikuwa nimewahi kuunganisha mitambo ya rafiki zangu bwenini, nikasema naweza. La kwanza nililofanya ni kuuliza kwa nini pazia bado linaning'inia. Likatolewa.

Mliokuja baadaye hamjui pazia, kwa hiyo hamjui nilichopewa siku ile. Niliwaona watu. Na nilichokiona ni kwamba hawakuupenda muziki wangu. Nilikuwa nimewaletea midundo ya kielektroniki ya Nairobi, ile inayogonga sawasawa kama mtu anayepigilia misumari, na mmoja baada ya mwingine walikwenda kukaa. Bi Maimuna, aliyekuwa akiongoza vugo katika mji wetu, akanijia na pembe yake mkononi.

Kwa msomaji wa mbali, vugo ni ngoma ya wanawake. Hupiga pembe za nyati kwa vijiti, mmoja huongoza wimbo na wengine hupokea, na hupita mitaani siku za arusi. Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Maimuna. Sikumbuki kuwahi kuanza kuisikia sauti yake, kama nisivyokumbuka kuanza kuisikia adhana.

"Mwanangu," aliniambia, "ngoma yako yakimbia. Yamkimbia nani?"

"Ndivyo inavyopigwa, Bi Maimuna."

"Na wenye kuipiga hivyo, hawatoki?"

Kuchoka, kwetu, ni kutoka. Nikamwambia kwamba ni mashine, haichoki.

"Basi iteze mashine," akasema, yaani icheze yenyewe, akaenda kukaa na wengine.

Nilipunguza mwendo. Nikaikata besi kila baada ya muda, nikawaachia wao nafasi ya kupiga pembe na makofi. Wakainuka. Hilo ndilo somo langu la kwanza, na ninawaachia lilivyo: mwangalieni aliyekaa, msimwangalie anayecheza. Anayecheza atacheza hata kwa mlio wa jenereta.

Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Spika zifungwe kwa nailoni kisha mkeka, kwa sababu chumvi ya bahari huingia hata kwenye boti iliyofunikwa, na ikishaingia haitoki. Ncha za nyaya zipanguswe kila mkirudi, hata mkiwa mmechoka, hasa mkiwa mmechoka. Muziki uzimwe kabla ya adhana ya kwanza na usirudishwe mpaka msikiti wa mwisho umalize. Misikiti yetu haijawahi kukubaliana dakika, na kila imamu ana hakika wenziwe wana haraka. Simu zikusanywe mlangoni kwenye kikapu. Anayekataa kutoa simu arudi kwao akacheze nayo. Katika hili msilegeze hata kwa dada wa bibi arusi. Wanawake wanacheza kwa sababu wanajua hakuna kitakachotoka nje ya kuta zile. Siku wakikosa hakika hiyo hawatawafukuza nyinyi. Watakaa tu.

Nilipomaliza chuo nilibaki Nairobi. Nilitengeneza muziki na Kevo, kijana wa Eastlands aliyekuwa na studio kwenye chumba kimoja, kuta zimefunikwa magodoro. Alinifundisha programu zote ninazozijua, na tuligombana kwa jambo moja tu. Katika kila kitu nilichotengeneza, kabla ya ngoma kurudi, nilizima sauti zote kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyozoeleka.

"Mwana, hiyo nafasi ni kubwa," Kevo alikuwa akisema. "Watu watadhani stima imepotea."

"Waache wadhani."

"Msee wa baa atakimbia kuwasha jenereta!"

Lakini watu walikipenda kile kimya. Walikisubiri, walipiga kelele ndani yake, na ngoma iliporudi waliruka. Kikaitwa changu. Wenzangu waliokiiga hawakukipata sawa. Walikifanya kifupi kwa woga au kirefu kwa majivuno.

Ndipo watu wa redio wakaanza kuniuliza kuhusu mizizi. Kila DJ anayetoka pwani huulizwa mizizi, kama muhogo. Niliwajibu kwa maneno ya chuoni, Afrika na Uarabuni na India kukutana kisiwani, nikijua kwamba nusu ya maneno yale ni adabu tu. Ukweli ni kwamba sikuamini. Mtoto si chupa ya kumiminiwa muziki. Utotoni nilisikia vugo, lakini pia nilisikia kasida za madrasa, nyimbo za filamu za Kihindi kutoka kwa jirani, kaseti za taarabu za baba, jenereta ya msikiti na punda wa watu wote. Kwa nini iwe vugo ndiyo iliyonifinyanga, isiwe punda?

Swali hilo ndilo lililonifanya niende kwa Bi Maimuna na kinasa sauti, likizo moja. Nilitaka ushahidi. Nilimkuta kwenye kiwanda cha nyumba yake, ule uwanja wa ndani usio na paa, akichambua mchele. Mdogo wake, Bi Zuhura, alikuwa akidarizi kofia pembeni. Salma, binti wa pekee wa Bi Maimuna, alikuwa mdogo, analala mkekani na kidole mdomoni. Mumewe, Bwana Omari, alikuwa shambani kwake, kwenye tumbaku.

Nilimwomba aniimbie peke yake, bila pembe na bila waitikiaji. Akacheka, akaniuliza nimwimbie nani. Kisha akakubali, kwa sharti.

"Utasikiza wewe. Na wanawake wenzio ukipenda. Wanaume, la."

Mnanijua. Nikauliza. "Lakini Bi Maimuna, vugo lapita mitaani. Wanaume wako madakani, kwenye baraza za milango, wanasikia kila siku."

"Ndiani tu wengi," alisema, akielekeza mkono njiani nje. "Hapana ajuaye ni nani. Hapa ni mimi na sauti yangu. Si sawa."

"Na sauti ina ubaya gani?"

"Nimekwambia ina ubaya? Nguo yangu ya ndani ina ubaya? Lakini siianiki barazani."

Bi Zuhura alicheka mpaka akajichoma sindano. Nami nikakubali, kwa kuwa lile lilikuwa jibu, na mimi sikuwa nimezoea kujibiwa. Akaimba. Kwa muda wote ule Salma hakuamka.

Bi Maimuna alikuwa na pumu. Tulijua wote, kama mnavyojua nani katika mtaa ana mguu mbaya. Mwaka uliofuata ilimbana asubuhi moja, wakamtia kwenye boti kumpeleka Amu, na hakufika. Nilipata habari Nairobi kwa simu. Siku chache baada ya matanga nilikaa studio, nikavaa hedifoni, nikaufungua wimbo wake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kiwandani. Kevo akaniona ninavyokaa.

"Unaskiza nini?"

"Mambo ya wanawake."

"Si nivae leso nisikize pia?"

"Kevo."

"Sawa, sawa. Pole, Mwana." Akatoka, akafunga mlango polepole. Ni mmoja wa watu wenye adabu niliowahi kufanya nao kazi, ingawa ukimwambia hivyo atakataa.

Nilisikiliza mara ya kwanza kwa ajili yake. Mara ya pili ndipo nilipokisikia kile kimya. Mwishoni mwa kila mstari, kabla ya kuanza mwingine, Bi Maimuna alinyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko wimbo ulivyostahili. Nikauweka mchoro wa sauti yake kwenye skrini, na chini yake nikaweka wimbo wangu mmoja. Nikalinganisha huu na ule. Nafasi zilikuwa sawa. Nikaweka wimbo wangu mwingine. Sawa.

Na ndani ya kimya chake, nilipoongeza sauti, palikuwa na kitu. Alikuwa akivuta pumzi. Ilikuwa ikimpa taabu, mtu aweza kuisikia inavyokwaruza kifuani.

Nilipokwenda kumpa mkono wa taazia Bi Zuhura nilimuuliza kama dada yake alikuwa akinyamaza vile tangu zamani. Akasema hapana. Alipokuwa msichana aliimba bila kupumzika, mpaka wenziwe wakamlalamikia. Ilikuja na pumu, baada ya kuolewa. Wanawake wa vugo wakajifunza kumngoja. Hawakuambizana. Walinyanyua vijiti, wakangoja apate pumzi, kisha wakapiga naye. Mimi nilizaliwa wakati huo. Wimbo usio na pumu sikuwahi kuusikia.

Basi mkiulizwa na watangazaji kuhusu mizizi, niseme nilichokigundua na mtafanya mnavyotaka. Kile nilichosifiwa Nairobi kama ufundi wangu kilikuwa ugonjwa wa mwanamke mmoja, na adabu ya wenziwe waliomngoja. Hakukuwa na Uarabuni ndani yake wala India. Sijui kwa nini mtoto hushika kitu kama hicho na kuacha vingine elfu. Nimesoma vitabu vinavyodai kujua. Sijaamini hata kimoja. Lakini mistari miwili ilikuwa sawa kwenye skrini, na siwezi kuikana.

Baada ya hapo sikukaa sana Nairobi. Nilirudi na mitambo yangu mwenyewe, na kazi mnayoifanya nyinyi leo ndiyo niliyoifanya kwa miaka yote iliyofuata: Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, mara moja moja Mkokoni ng'ambo, ambako tulibeba spika vichwani kutoka majini. Wimbo wa Bi Maimuna nilikaa nao. Sikuutia katika kazi yoyote. Miaka ikapita nikiwa nimesimama mbele ya spika upande wa kulia, kwa kuwa upande wa kulia ndipo nilipozoea kuwaona waliokaa. Vaeni vizibo masikioni. Nitalisema mara moja tu, kwa kuwa nami niliambiwa mara nyingi na sikusikia, wakati nilipokuwa bado nasikia.

Salma alikuja kwangu mwaka huu, akiwa msichana wa kuolewa. Aliketi akazungukazunguka na habari za maua na vyakula, kisha akasema, "Bi Zuhura asema una sauti ya mama."

Nilimpa hedifoni nikatoka nje. Niliporudi alikuwa amezivua, ameziweka mapajani.

"Nilidhani yake ilikuwa nzito," alisema. "Miaka yote hii namwota mwanamke mwenye sauti nzito. Ni nani yule?"

Akaniomba ausikie tena. Akaja siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne akasema anachotaka. Vugo la arusi yake lizunguke mji na mama yake aliongoze.

Bi Zuhura ndiye anayeongoza vugo sasa. Tulikwenda kwake pamoja, na hakungoja tumalize.

"La. Alimwambia huyu, mbele yangu, nami nikijichoma sindano. Wanaume wasimsikie."

"Mama mdogo, yeye alikuwa mamangu," Salma alisema.

"Na kwangu alikuwa nani? Mpita ndia? Mukiipiga sauti yake mtaani, sisi twaweka pembe chini. Wote. Utakwenda arusini kama mwenye kwenda dukani."

Salma akalia. Alijua kuwa mtu hawezi kuolewa Pate bila pembe na bila mdogo wa mama yake, na pia hakuweza tena kuolewa bila ile sauti aliyoipata juzi. Nilikuwa nikifikiri juu ya lile jibu la kiwandani.

"Bi Zuhura," nikasema, "alikataza asisikiwe, au alikataza asisikiwe peke yake?"

Akanitazama. "Wewe na maswali yako. Huko chuo kikuu walikupa maswali tu, majibu wakabaki nayo?"

"Alisema ndiani ni wengi, hapana ajuaye ni nani. Nikimtia katikati yenu. Sauti yake chini, zenu juu, pembe juu ya zote. Kama alivyokuwa akipita zamani."

Alidarizi mishono kadhaa. "Na kama mwanamume mmoja atamjua?"

"Basi sipigi."

"Utajuaje?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko langu. Sauti ya Bi Maimuna ilikaa hasa pale mstari wa daktari unapoporomoka. Nilipoishusha mpaka kiasi nilichoona kinafaa, Salma aliniambia bado inasikika hadi kwa jirani. Nilipoambiwa imefaa, mimi sikusikia kitu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikifanya kazi nyuma ya pazia, kama Abuu. Salma akawa masikio yangu. Lakini Salma hakumjua mama yake kwa sauti, na mtu wa kupima lazima awe anaijua. Bi Zuhura ndiye aliyesema tumwite Bwana Omari. Yeye ni mumewe, sharti halikumhusu.

Alikuja kutoka shambani, akakaa dakani kwake, mgongo kwa mlango. Sisi tulikuwa ndani, na waimbaji wanne na pembe zao. Tangu mkewe afariki hakuoa. Watu walimshauri mpaka wakachoka.

"Baba," Salma alisema mlangoni, "ukimsikia mama, sema."

"Haya."

Wanawake wakaimba, nami nikampandisha Bi Maimuna kutoka kwenye spika katikati yao.

"Ndiye," akasema Bwana Omari.

Nikamshusha. Wakaimba tena.

"Ndiye."

Nikamshusha zaidi. Bi Zuhura aliinamisha kichwa kwenye spika yenyewe. "Mimi simsikii tena," alisema, "na nimelala naye kitanda kimoja tangu utoto."

"Ndiye," sauti ilitoka dakani.

Hapo mimi nikaingiwa na tabia yangu. Sikuamini. Mtu aliyeambiwa asikilize mkewe atamsikia hata kwenye upepo. Kwa hiyo, bila kumwambia yeyote, nilimzima Bi Maimuna kabisa. Spika ikawa sanduku. Wanawake wakaimba wimbo uleule, pembe zilezile.

Bwana Omari hakusema kitu. Wimbo ukaisha. Tukangoja.

"Hapo mumemtoa," akasema.

Salma aliniangalia, akaona mkono wangu ulipo, akajua nilichofanya. Nilirudisha kitufe mahali pake. Sikumjaribu tena.

"Huyu hafai kuwa kipimo," alisema Bi Zuhura, akijifuta uso kwa leso. "Tafuta mwanamume mwenye masikio ya kawaida."

Tulimwita Bwana Lali, jirani wa ukuta mmoja, aliyesikia vugo la Bi Maimuna tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Akaketi palepale. Aliulizwa anasikia nini.

"Wanawake wanaimba," alisema. "Kwani kuna nini? Munanitaka nilipie?"

Kile kiasi Salma alikitia alama kwa rangi yake ya kucha. Bi Zuhura akaongeza sharti lake la mwisho. Bibi arusi huingizwa nyumbani na kiongozi aliye hai. Tukizunguka na kurudi mlangoni, Bi Maimuna ashuke taratibu, na yeye Zuhura aupokee wimbo. Lisiwe jambo la kukatika ghafla. "Mara ya kwanza aliondoka ghafla," alisema. "Inatosha."

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, tulitia spika mbili za betri kwenye shogi, yale makapu mawili anayobebeshwa punda, moja kila upande. Vichochoro vya Pate havipitishi gari la mkono. Punda alikuwa mkongwe na hakujali arusi wala muziki, sifa nzuri kwa fundi wa mitambo. Mimi nilitembea nyuma yake na kichanganyio kidogo cha sauti kifuani, kimefungwa kwa kanga. Mbele yangu Salma amefunikwa, na mbele yake wanawake na pembe zao.

Hawakuambiwa wote. Wachache walijua, wengi hawakujua. Tulipita kati ya kuta za kale na mashamba ya tumbaku yaliyomo ndani yake, tukapita msikitini kimya kama ada, tukaanza tena upande wa pili. Na kila mwisho wa mstari nilikuwa nikiwaangalia mikono. Wanawake wote, hata wasichana waliozaliwa baada ya msiba, walinyanyua vijiti na kungoja. Mimi sikumsikia Bi Maimuna hata mara moja. Sikuweza. Nilijua yupo kwa jinsi walivyokuwa wakingoja.

Wanaume walikuwa madakani na kanzu zao. Walitutazama, wakazungumza, wakaendelea na kahawa. Hakuna aliyenyanyua kichwa.

Tuliporudi kwenye mtaa wetu, Bwana Omari alikuwa amesimama mlangoni kwake kupokea watu. Bwana Lali alikuwa kando yake, anamsemesha juu ya wageni wa Siyu, kama watakula kwanza au watakunywa kahawa kwanza. Niliona midomo yake ikiuliza, ikiuliza tena. Bwana Omari hakugeuka. Alikuwa akiangalia chini, pale kwenye jiwe la mlango, kama mtu anayehesabu kitu asichotaka kukikosea.

Bi Zuhura alinigeukia, akainua kijiti chake. Nikashika kitufe nikaanza kushusha. Polepole, kama alivyoagiza. Nilipita alama ya rangi ya kucha. Nikashusha. Bi Zuhura akaupokea wimbo, wenziwe wakamfuata, Salma akasogea kwenye kizingiti. Mimi sikujua ni wapi sauti ile imefika. Kitufe kiliniambia bado kidogo, lakini kitufe hakina masikio, na langu lililobaki lilikuwa limejaa pembe. Nilimtazama mtu mmoja tu aliyeweza kuniambia. Nikashusha. Alikuwa bado anaangalia jiwe. Nikashusha mpaka kidole kikagota.

Bwana Omari aliinua kichwa, akamgeukia jirani yake.

"Ulikuwa wasemaje, Bwana Lali?"

Nikautoa mkono wangu kwenye kitufe. Sijaurudisha.